Daftari la kima cha maji Makutupora, na maajabu mengine ya sayansi yaliyokuwa uani kwetu

Mwana wa Mpima Kima (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu. Wa mikoa mingine, habari za jioni.

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya boza mtaani. Nyuma yangu jamaa mmoja na madumu yake sita anahubiri: "Maji ya Dodoma yanakwisha hayo. Mvua yenyewe siku hizi ni ya kulaza vumbi tu." Watu wanaitikia kama wako ibadani. Nilitamani kumjibu, ila foleni ya maji si mahali pa mhadhara, ukigeuka kuongea unapitwa. Ubishi nimeuleta huku.

Marehemu baba alifanya kazi kwenye visima vya Makutupora, hapo kaskazini mwa mji, vile vinavyoinywesha Dodoma. Kati ya kazi zake ilikuwapo moja ambayo utotoni niliiona ya kijinga. Kuna kisima hakichotwi maji. Anateremsha utepe mpaka uguse maji, anausoma, anauvuta juu, anaandika namba daftarini, basi. Siku ya kupima ikifika tena, yale yale. Namba yenyewe inafanana na ya nyuma, imeshuka vidole viwili vitatu. Siku moja nikamwambia, "Baba, si unakili tu ile ya mara iliyopita?" Jicho alilonipiga nalikumbuka hadi leo, na sasa nina mvi.

Basi vipimo vya Makutupora vya namna hiyo, vilivyolimbikizwa kwa miaka 55, mwaka 2013 vilitoka kwenye jarida la Nature Climate Change. Kundi liliongozwa na Richard Taylor wa University College London, na Watanzania walikuwamo. Walichokikuta ni kwamba kima cha maji ya chini pale hakipandi kila mwaka. Kinashuka mwaka huu, kinashuka mwakani, kinashuka mwaka wa tatu, halafu unakuja msimu mmoja wa mvua ya kupindukia na kinaruka juu. Kisha kinaanza kushuka upya. Yaani mji mzima unakunywa akiba iliyowekwa na misimu michache sana. Ule wa El Niño, 1997/98, ndio kinara. Ukiutazama kwenye mchoro umesimama kama kichuguu mbugani.

Sababu yake aliyeishi Dodoma anaijua bila kusoma. Mvua yetu kwa mwaka ni milimita mia tano na kitu, na karibu yote inaanguka kati ya Desemba na Aprili. Mvua ya kawaida ikinyesha, udongo wenye kiu unaikamata, kesho yake jua linaunyang'anya. Haifiki chini. Ila ikishuka mvua ya siku nyingi mfululizo, makorongo yanashuka maji, Kinyasungwe Ndogo inajaa, maji yanatuama juu ya mchanga na kuzama polepole. Mchanga wa korongo ndio mlango wa hazina. Siku nyingine zote mlango umefungwa.

Kilichowashangaza wataalamu ni kwamba hesabu za maji zilizoeleka kupigwa kwa wastani wa mwaka, na kwa kisima cha namna hii wastani haukuambii kitu. Tena kuna kitendawili ndani yake. Dunia ikizidi joto, mvua inaelekea kunyesha siku chache lakini kwa nguvu. Hiyo ni balaa kwa mtama wako na kwa daraja lako, lakini kwa maji ya chini ya nchi kavu kama hii inaweza kuwa neema. Mwaka 2019 jarida la Nature likachapisha utafiti mpana zaidi, vipimo vya miaka mingi kutoka nchi tisa za Afrika, na picha ikawa hiyo hiyo: penye mvua nyingi visima vinajazwa karibu kila mwaka, penye ukame vinasubiri gharika.

Kwa hiyo jamaa wa madumu sita alikosea, ila si sana. Mvua ya kulaza vumbi haikuwahi kutujazia kisima hata zamani. Hatari ni kuchota kwa kasi kuliko hizo gharika zinavyokuja.

Nafungua uwanja. Lete ugunduzi wa miaka ya karibuni uliokushangaza, wa sayansi yoyote, hata ya jamii. Masharti mawili: uwe wa kweli, na uueleze kama unamsimulia mama yako jikoni. Chai tutaimwaga.

Zabibu Chungu

Nimewahi siti ya mbele.

El Niño ile nilikuwa darasa la nne. Tembe la bibi liliyeyuka kama sukari, tukahamia kwa jirani na mbuzi wetu. Miaka yote nimeilaani ile mvua. Kumbe maji yaliyoangusha ukuta wa bibi ndiyo niliyokuja kuyanywa ukubwani.

Fundi Mota

Umeshusha nondo mkuu, lakini mbona nondo hazifiki bombani? Kwangu maji yanatoka usiku wa manane mara mbili kwa wiki. Serikali imehamia, watu wamejaa, kila kiwanja kina mtu anayejenga. Mimi nazamisha pampu za visima vya watu binafsi, na naona kwa macho yangu: nyumba nne, visima vinne, wote wanafyonza mrija mmoja. Nani anapima hivyo?

Mwana wa Mpima Kima

Fundi, hapo umenibana pazuri. Daftari halichimbi mtaro wa bomba. Kuhusu visima vya watu binafsi, wewe ndiye unayezamisha pampu. Ukifungua kisima, una utepe. Andika.

Fundi Mota

Nilipwe na nani?

Mwana wa Mpima Kima

Baba naye aliuliza hivyo hivyo kila mwisho wa mwezi.

Binti Kolo

Mleta uzi asante, naomba niwapeleke kwetu Kondoa. Michoro ya mapangoni ya Kolo wengi mmesikia, iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mgeni akifika anataka twiga na wale watu wembamba wenye vichwa vya ajabu, anapiga picha, anaondoka. Mimi nataka kuongelea kitu kidogo kuliko kucha yako: ushanga wa ganda la yai la mbuni.

Kule Kisese kuna pango ambalo mwaka 1956 Mwingereza Raymond Inskeep alilichimba. Vitu vikafungwa kwenye maboksi vikaenda makumbusho. Vikakaa. Miaka sitini baadaye wataalamu wengine wakayafungua maboksi yale yale na kupima umri kwa vifaa vya kisasa. Wakakuta kuna shanga za pale zina zaidi ya miaka 40,000. Rudia kusoma hiyo namba. Ni kabla ya jembe, kabla ya ng'ombe, kabla ya chungu, na mtu wa Kondoa amekaa kivulini anatoboa kipande cha ganda avae apendeze.

Haijaishia hapo. Mwaka 2022 Jennifer Miller na Yiming Wang walichapisha kwenye Nature vipimo vya shanga zaidi ya 1,500 kutoka maeneo 31, ya Afrika Mashariki na ya Kusini. Walipima upana wa ushanga, upana wa tundu, unene wa ganda. Kazi ya kuchosha macho. Wakagundua kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita, shanga za huku kwetu na za kusini mwa Afrika, umbali wa kilomita kama 3,000, zilifanana kama zimetoka kwa fundi mmoja. Baada ya hapo zinaachana, kila upande na mtindo wake. Maelezo yao ni kwamba watu walikuwa wakifikiana, au walau mtindo ulikuwa ukitembea mtu kwa mtu. Kisha tabianchi ikabadilika, ukanda wa mvua ukasogea kusini, bonde la Zambezi likajaa maji, njia ikafa.

Nimewatembeza wageni miaka sita, na nilikuwa naipita ile sehemu ya shanga haraka haraka ili tuwahi twiga. Siku hizi nasimama.

Chai Bila Sukari

Mimi kazi yangu humu ni kumwaga chai, msinichukie. Ganda la yai halina cheti cha kuzaliwa. Miaka 40,000 mmeijuaje?

Binti Kolo

Swali zuri kaka. Kila chenye uhai kina kaboni, na sehemu ndogo sana ya hiyo kaboni ni ile inayoitwa kaboni 14, ambayo haitulii, inaoza yenyewe. Mbuni akila majani anaiingiza mwilini, inaingia na kwenye yai. Ganda likishatoka, haiongezeki tena, inapungua tu: kila baada ya miaka kama 5,730 inabaki nusu. Unapima iliyobaki, unarudi nyuma kwa hesabu. Ni kama kukuta mshumaa unawaka chumbani. Ukijua unaisha kwa kasi gani na ulianza na urefu gani, unajua uliwashwa saa ngapi. Mwisho wa mshumaa huu ni miaka 50,000 hivi, zaidi ya hapo unahitaji njia nyingine.

Chai Bila Sukari

Sawa. Hii si chai. Ni maji ya moto.

Mzee wa Mkalama

Wanangu, hamjambo. Mimi si msomi, nilirina asali ujana wangu wote huku Mkalama, na baadhi ya majirani zetu ni Wahadzabe, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi porini.

Yuko ndege anaitwa mlembe. Anakuja anakupigia kelele, anaruka mti hadi mti, unamfuata mpaka kwenye mzinga wa nyuki wa porini. Wewe unachukua asali, yeye anabaki na nta na majana. Hili si geni. Padri Mreno João dos Santos aliliandika akiwa Sofala mwaka 1588, na sisi tulikuwa tukilijua kabla hajazaliwa.

Kijana mmoja wa chuo alinisomea jambo jipya, na nilimwambia arudie. Mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood waliandika kwenye jarida la Science. Wayao wa Niassa, kule Msumbiji, humwita mlembe kwa sauti ya kutetemesha ulimi na kumalizia na mguno. Wahadzabe humwita kwa mluzi. Wakachukua sauti hizo zote mbili wakazipiga huku na kule. Mlembe wa huku, kwenye vilima vya Kidero karibu na Ziwa Eyasi, aliuitikia mluzi wa Wahadzabe mara tatu zaidi kuliko sauti ya Wayao. Na wa Msumbiji akaipenda zaidi ile ya Wayao, karibu mara mbili. Ndege ni wa jamii moja, ila kila mmoja anajua lugha ya kwao.

Kilichonishika kichwa ni hiki. Mlembe hutaga kwenye kiota cha ndege mwingine, kinda wake hulelewa na wasio mama zake. Kwa hiyo hakufundishwa na wazazi. Amejifunza mwenyewe kwamba sauti hii ikisikika, pana shoka na moto, na pana nta.

Niwaongezee siri. Mnadhani kila mtu anamlipa? Huyo Wood na wenzake waliandika pia kwamba Wahadzabe mara nyingi huficha nta, huizika au huichoma, ili ndege abaki na njaa awapeleke mzinga wa pili. Nilipolisikia nilicheka sana. Tulikuwa tunafanya hivyo, na tulikuwa tunaona aibu kulisema.

Zabibu Chungu

Shikamoo mzee. Kwa hiyo kumcheleweshea kibarua mshahara ili kesho arudi kazini ni utamaduni wa kale.

Mzee wa Mkalama

Marahaba. Tofauti ni kwamba mlembe akichoka anamwita mtu mwingine.

Dada Mchakamchaka

Shikamoo mzee. Kwa kuwa umewataja Wahadzabe, nishushe langu lililonivunja moyo. Mimi kila alfajiri niko barabarani, nazunguka mpaka jasho linachuruzika, na mzani haushuki.

Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walikaa na Wahadzabe kupima nguvu ambayo mwili unatumia kwa siku. Si kwa kukisia. Walinyweshwa maji yaliyotengenezwa kwa haidrojeni na oksijeni nzito, ambayo hayana madhara, halafu ukapimwa mkojo wa siku zilizofuata kuona zile chembe zinavyotoka. Hapo unajua mwili umechoma kiasi gani. Wanaume wa Kihadza walikuwa wakitembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6, wakichimba mizizi na kubeba watoto. Kila mtu alitarajia watakuwa wanachoma mara dufu ya karani wa Marekani anayeshinda kitini.

Wapi! Ukizingatia ukubwa wa mwili, walikuwa sawa.

Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti. Ukitumia zaidi kwenye miguu, unabana kwingine ndani ambako huoni. Wapo wanaobishana naye juu ya ubanaji huo ni mkubwa kiasi gani, lakini kipimo chenyewe kimesimama. Mwaka 2021 alirudi na kundi kubwa kwenye Science, watu zaidi ya 6,400 wa nchi 29, tangu vichanga hadi wazee wa miaka 95. Ikaonekana kasi ya mwili kuchoma nguvu haibadiliki kati ya miaka 20 na 60. Kwa hiyo nyie mnaosema "nimefikisha arobaini mwili umepoa", kitambi hicho kina maelezo mengine.

Fundi Mota

Kitambi changu kina maelezo ya chipsi mayai. Sijawahi kukificha.

Mama Nzuguni

Sasa dada, ina maana mazoezi hayana kazi? Naacha?

Dada Mchakamchaka

Usiache mama yangu. Moyo, sukari, presha, usingizi, vyote vinafaidika. Wahadzabe wenyewe wana mioyo mizuri hadi uzeeni. Kilichokufa ni ile hesabu ya "nimekimbia nusu saa, kwa hiyo namalizia na maandazi manne". Hiyo hesabu nilikuwa nayo, naizika leo hapa mbele yenu.

Mama Nzuguni

Haya, ila nina neno na hao wapimaji. Miaka ya nyuma, kabla sijahamia mjini, walikuja watafiti kijijini kwetu, siwataji. Walipima watoto uzito, wakatoa damu kidoleni, wakauliza tunakula nini, tunalalaje, tuna ng'ombe wangapi. Tukajibu mpaka usiku. Wakasema majibu yatarudi. Mpaka kesho. Mtoto wangu aliyetobolewa kidole sasa yuko chuo. Mlembe mwenyewe anaachiwa nta.

Binti Kolo

Mama, hilo hata kwetu lipo. Mara nyingi mambo ya mapango ya Kondoa nayasoma kwanza kwenye simu, baadaye sana ndipo anakuja mtu kutueleza.

Mwana wa Mpima Kima

Baba hakuwahi kuiona ile makala ya 2013. Mimi mwenyewe nilionyeshwa na kijana aliyekuwa anasoma UDOM.

Kivuli cha Mbuyu

Naingia na mti wetu. Ukitoka Dodoma uelekee Iringa au Morogoro, mibuyu imesimama kama wazee wa baraza. Ukimwambia Mgogo kwamba mbuyu ni mgeni hapa atakufukuza. Basi jiandae kufukuzwa.

Mwaka 2024 kwenye Nature, watafiti walisoma vinasaba vya aina zote nane za mbuyu. Sita ziko Madagascar peke yake, moja Afrika bara, moja Australia. Hesabu yao inaonyesha asili ya ukoo mzima ni Madagascar, miaka kama milioni 21 iliyopita, kisha kama milioni 12 iliyopita mbegu zikavuka bahari. Kibuyu chenye ganda gumu kinaelea, mkondo unakibeba. Kimoja kikafika pwani ya Afrika, kingine Australia. Huyu wetu ni mjukuu wa mhamiaji wa majini, akaja kupanda bara kavu la Ugogo kama ndiko alikozaliwa.

Kuna na habari ya msiba. Mwaka 2018 Adrian Patrut na wenzake walitoa orodha: kati ya mibuyu 13 mizee kuliko yote waliyoipima Afrika, 9 ilikuwa imekufa, yote au sehemu yake, ndani ya miaka 12. Mingi ni ya kusini mwa bara. Mmoja wa Zimbabwe, uliitwa Panke, ulikuwa na miaka karibu 2,450. Waliona huenda joto na ukame vina mkono, ila hawakuapa.

Hapo hapo nikajifunza kitu ambacho nimekipita maisha yangu yote. Lile tundu kubwa katikati ya mbuyu mkubwa, ambalo tunasema umeoza ndani, mara nyingi halijaoza. Ni mashina kadhaa yaliyoota kwa duara yakaungana, nafasi ya katikati ikabaki wazi tangu mwanzo. Nimecheza kombolela ndani ya tundu hilo na sikuwahi kujiuliza kwa nini lina gome kwa ndani.

Mpwani wa Area C

Kama ni mambo ya wahamiaji, na sisi wa pwani tuna kesi yetu. 2023, Nature, vinasaba vya watu 80 waliozikwa kwenye miji ya Waswahili, wengi wao kati ya mwaka 1250 na 1800. Upande wa mama karibu wote Waafrika. Upande wa baba wengi wanakwenda Uajemi, na mchanganyiko ulianza karibu na mwaka 1000. Simulizi za Kilwa za Washirazi, ambazo wasomi wengi walisema ni za kujipandisha hadhi, zimekutwa na chembe ya kweli. Lakini wale waliosema "mji wa Waswahili ni mji wa Waajemi" nao wameanguka, maana mama mwenye nyumba, na lugha aliyowaimbia watoto, ni vya hapa hapa.

Chai Bila Sukari

Wewe unataka uzi ufungwe. Ukoo wa mtu usiguse usiku.

Mtendaji Mstaafu

Mleta uzi alisema hata sayansi ya jamii. Mimi nilikuwa mtendaji wa kijiji, na nilikuwa mbishi namba moja wa fedha za bure kwa kaya maskini. Nilikuwa nasema wazi kwenye mkutano: zitaishia kilabuni, na bei za vitu zitapanda tuumie wote.

Sasa Siaya, huko Kenya, wakafanya jaribio la vijiji 653. Kaya zaidi ya 10,000 zilipewa dola 1,000 hivi kila moja, bila masharti. Vijiji vilichaguliwa kwa bahati nasibu, ndipo ulinganifu unakuwa wa haki. Matokeo yalichapishwa 2022 na kina Dennis Egger na Edward Miguel. Bei zilipanda kwa sehemu ndogo kiasi cha kutoonekana, wastani wa asilimia 0.1. Na kila dola iliyoingia ilizungusha uchumi wa eneo kwa takriban dola mbili na nusu. Hata wasiopewa walifaidika, kwa sababu aliyepewa aliezeka bati kwa fundi jirani, fundi akanunua nyama, mwenye bucha akalipa deni.

Mwaka 2025 wakaongeza jambo lililoninyamazisha. Kwenye kaya zilizopewa, vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vilipungua karibu nusu. Hasa pale ambapo fedha ilifika karibu na kujifungua, na zahanati au hospitali haikuwa mbali. Mama alipumzika kazi za shamba miezi ya mwisho, akajifungulia hospitali.

Nilikaa nikawakumbuka akina mama wa kijijini kwangu waliokuwa wanapalilia mimba ikiwa ya miezi minane. Na mimi nikiwa mbele ya mkutano naongelea kilabu.

Fundi Mota

Mzee, si kila kijiji ni Siaya. Huku zahanati iko kilomita 15, fedha itambebaje?

Mtendaji Mstaafu

Kweli kabisa, na wao wenyewe walionyesha: mbali na huduma, faida ilikuwa ndogo. Sisemi inajibu kila kitu. Nasema nilichokuwa nakitangaza kwa kipaza sauti sikuwa nimekipima.

Kivuli cha Mbuyu

Mwana wa Mpima Kima, swali. Yale madaftari ya mzee yako wapi?

Mwana wa Mpima Kima

Ya ofisi yalibaki ofisini. Ila alikuwa na lake la nyumbani, la jalada jeusi, ambalo alinakilia namba zile zile kwa kuwa hakuwa anaamini kabati la ofisi. Liko kwa mama. Kwa nyuma mama aliandika madeni ya genge.

Binti Kolo

Kaka, nakuomba. Kesho asubuhi piga picha kila ukurasa, na ile ya madeni usiiache. Maboksi ya Kisese yalikaa miaka sitini na yakasema. Za nyayo za kale za Laetoli, kule Ngorongoro, ndiyo usiseme: kuna zilizoonekana 1976 wakadhani ni za dubu, wakaachana nazo, wamerudi kuzifukua 2019 na kuzisoma vizuri, na 2021 wakatangaza ni za kiumbe wa jamii ya binadamu aliyetembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita.

Zabibu Chungu

Dubu? Laetoli? Aliingia kwa geti gani?

Mwana wa Mpima Kima

Nimetoka kwa mama sasa hivi, sikusubiri kesho. Daftari lipo, mwandiko unasomeka, kuna hata mahali ameandika "utepe umekatika, nimeazima kamba". Ila kurasa za 1983 mpaka 1985 hazipo. Nimemwuliza mama. Anasema zilifungia karanga.

Fundi Mota

Pole mkuu. Nimenunua daftari. Kesho nina kisima Nkuhungu, nitaanza na hicho.

Zabibu Chungu

Karanga za shilingi ngapi? Tuanzie hapo, huenda mteja bado anayo karatasi.